Hewa ukaa hukaa wapi? Jiwe la Wazo, makaa ya Ngaka na tope la Kilwa

Fundi aliyekuwa akinijengea ukuta Tegeta, Dar es Salaam, alipiga jiwe nyundo, likapasuka vipande viwili, akanyamaza. Kisha akaniita.

"Mzee, hebu njoo uone. Kombe hili limefikaje huku?"

Ndani ya jiwe palikuwa na alama ya gamba, mistari yake yote imetimia kama iliyochorwa kwa sindano. Nikamwambia halikufika, lilikuwapo. Jiwe lenyewe ndiyo bahari ya zamani: kilima cha Wazo na mawe yote ya chokaa yanayopasuliwa upande ule wa mji ni matumbawe, makombe na mabaki ya viumbe wadogo wa baharini, yaliyorundikana na kushikamana mpaka yakawa mwamba. Nikamtuma saidia fundi akalete ndimu. Tukakwangua jiwe kwa msumari tukapata unga, nikaukamulia ndimu. Ukatoa povu. "Kama ndimu kwenye magadi," akasema fundi.

Povu lile lilikuwa hewa ukaa, ile ambayo vitabu vya shule huiita kabonidayoksaidi. Kiumbe aliitoa kwenye maji ya bahari zamani za kale, akajijengea nyumba, akafa, na hewa ikabaki imefungwa humo mpaka tulipokuja sisi na ndimu yetu. Jiwe safi la chokaa la kilo 100 lina takriban kilo 44 za hewa hiyo.

Kiswahili kimetupa neno zuri kwa habari hii. Ukaa ni ndugu wa mkaa, makaa na kaa la moto. Kitenzi cha kukaa ni cha ukoo mwingine, lakini naazima mlio wake, maana swali zima la mimea, bahari na joto la dunia ya kale liko hapo: ukaa unakaa wapi, na unakaa muda gani? Tumezoea kuuliza nani anauvuta. Kuvuta si kazi, kila jani linavuta. Kazi ni kuuzuia usirudi.

Tuanze na hesabu. Kabla ya viwanda, angani kulikuwa na kaboni, yaani ukaa wenyewe, ya tani bilioni 590 hivi, sawa na chembe 280 za hewa ukaa katika kila chembe milioni za hewa. (Hizi chembe kwa milioni nitazitaja mara nyingi, kwa hiyo nitasema "chembe" tu.) Mimea yote ya nchi kavu ilibeba kiasi kinachokaribia hicho cha angani. Udongo ulibeba zaidi ya mara mbili yake. Bahari ilibeba takriban tani bilioni 38,000. Miamba inaipita bahari zaidi ya mara elfu moja. Ukiitazama orodha hiyo unaona kwamba anga ni kijaluba kidogo kilichowekwa kati ya maghala makubwa. Ghala likitikisika kidogo tu, kijaluba kinafurika au kinakauka.

Ajabu iko baharini. Viumbe hai wote wa baharini, kuanzia mwani usioonekana kwa macho hadi nyangumi, wana kaboni ya tani bilioni chache tu. Ukiwaweka kwenye mizani na misitu hawaonekani. Hata hivyo karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, yaani kazi ya kugeuza mwanga, maji na hewa ukaa kuwa chakula, unafanywa na vijimea hivyo vinavyoelea. Ni kama mama lishe mwenye sufuria moja ndogo anayepika mara arobaini kwa siku, na jirani yake mwenye masufuria makubwa anayepika mara moja kwa msimu. Mwisho wa mwezi wamelisha watu wale wale.

Sasa, kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Tunasema mti unavuta hewa ukaa, basi tukipanda miti hesabu imefungwa. Mti unavuta kweli. Lakini majani yakidondoka, mchwa na kuvu huyala, na wakiyala wanairudisha hewa ile ile. Mti ukifa na kuoza, au ukiingia kwenye gunia la mkaa na kuishia chini ya sufuria Manzese, deni limelipwa. Tangu mwaka 1958, vipimo alivyovianzisha Charles David Keeling juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, vinaonyesha jambo hili kwa mstari unaopanda na kushuka kila mwaka. Majira ya majani huko kaskazini, kwenye nchi kavu nyingi zaidi, hewa ukaa hushuka. Majani yakipukutika na kuoza, hupanda. Ni chembe sita hivi, kushuka na kupanda. Dunia inahema. Na mtu anayehema havuti hewa na kubaki nayo.

Ili uhai ubadilishe hali ya hewa ya dunia kwa muda mrefu, lazima sehemu ya ukaa iponyoke isioze. Lazima izikwe.

Mimea ilikuja nchi kavu takriban miaka milioni 470 iliyopita, midogo midogo, isiyo na mizizi ya kusema. Miti ilikuja baadaye sana; misitu ya kwanza tunayoifahamu ina miaka milioni 390 hivi. Kilichoigeuza dunia hapo hakikuwa majani. Ilikuwa mizizi, na hili ndilo nalipenda kuliko yote katika habari hii, kwa sababu linatokea mahali tusipotazama.

Maji ya mvua huchukua hewa ukaa kidogo njiani na kuwa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo inakula jiwe. Jiwe linalika polepole, na madini yake, kalisi ikiwamo, yanachukuliwa na mto pamoja na ukaa ulioyeyuka. Kukiwa na mwamba mtupu kazi inakwenda taratibu mno. Ukiweka msitu juu yake, mambo yanabadilika: mizizi na vijidudu vya udongoni vinapumua humo chini, hata hewa iliyo kati ya chembe za udongo ikawa na hewa ukaa mara kumi hadi mara mia zaidi ya ile unayovuta wewe. Kuvu wanaoishi na mizizi wanatoa tindikali zao wenyewe. Mizizi inapasua. Udongo unashikilia maji yasikimbie. Msitu ni kinu cha kusaga mwamba.

Uende Uluguru ukaone. Mawe mengi ya kule ni magumu, si ya chokaa, na juu yake kuna msitu na mvua nyingi. Mto Ruvu unatoka huko, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka Ruvu. Kwa hiyo unapojaza ndoo Ubungo, ndani yake kuna kiasi kidogo cha mlima ulioyeyuka na hewa ukaa iliyouyeyusha. Itabidi tuirudie ndoo hiyo.

Basi misitu ya kwanza ikaenea, miamba ikalika kwa kasi, na wakati huo huo kwenye vinamasi miti ikaanza kuanguka ndani ya maji yasiyo na oksijeni. Humo kuoza ni shida. Mabaki yakarundikana, yakafunikwa na tope, yakashindiliwa, yakawa makaa ya mawe. Kipindi hicho, kati ya miaka milioni 359 na 299 iliyopita, kimepewa jina la makaa yenyewe. Utasoma mahali pengi kwamba makaa yalikuwa mengi kwa sababu kuvu walikuwa hawajajua bado kuozesha mbao. Ni hadithi tamu, lakini wengi wa wanaochunguza mambo haya sasa wanaipinga: makaa mengi yanatokana na mimea ambayo haikuwa na mbao nyingi kiasi hicho, na makaa yameendelea kutengenezwa zama ambazo kuvu walikwisha kujua kazi. Kilichohitajika ni kinamasi, na ardhi inayodidimia taratibu ili kinamasi kisijae. Jiolojia ilitoa vyote viwili kwa pamoja.

Matokeo yake hewa ukaa ikashuka hadi kukaribia viwango vya zama zetu, na barafu ikafunika kusini mwa bara kuu la Gondwana, ambalo Afrika ilikuwa sehemu yake. Mtu wa Dar anaweza kudhani hizo ni habari za mbali. Lakini katika bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania, matabaka ya chini kabisa ya miamba ya kale iitwayo Karoo yana mawe yaliyokokotwa na kumwagwa na barafu. Barafu, Ruvuma! Na juu ya matabaka hayo, yamelala makaa ya mawe. Ndiyo makaa ya Ngaka na Mchuchuma. Ni machanga kuliko yale ya Ulaya, ni ya kipindi cha Permi kilichofuata, wakati barafu ilipokuwa ikiondoka na vinamasi vya nchi ya baridi vikichukua nafasi yake. Ukikutana na lori la makaa likitoka Songea kuelekea bandarini Mtwara, linabeba msitu ambao haujaoza kwa zaidi ya miaka milioni 250. Ukilinganisha na gunia la mkaa wa Kisarawe, ambao mti wake pengine ulikuwa haujafika umri wa mwenye gunia, unaona kwa nini sipendi vitu hivi viwili viwekwe kapu moja. Mkaa ni deni la juzi. Makaa ya mawe ni kaburi.

Turudi kwenye ndoo ya Ruvu, maana huku ndiko wengi wanakopotea, na mimi nilipotea miaka.

Umewahi kutazama ndani ya birika linalochemshia maji ya kisima? Kuna ukoko mweupe mgumu. Ukoko huo ni chokaa, kitu kile kile cha jiwe la Wazo. Maji yalikuja na kalisi na ukaa ulioyeyuka, uitwao bikaboneti. Yalipopata moto, sehemu mbili za bikaboneti ziligawana njia: moja ikashikana na kalisi na kuganda kuwa ukoko, nyingine ikawa hewa ukaa na kutoka na mvuke. Tumbawe linafanya hivyo hivyo bila moto. Kombe pia. Kwa hiyo kiumbe wa baharini anapojenga gamba lake, siku hiyo anaongeza hewa ukaa majini, na sehemu yake inaweza kupanda angani. Hapunguzi.

Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilihisi nimetapeliwa. Si tumesema jiwe la Wazo ni ghala la hewa ukaa?

Ni ghala, ila lazima ufuate hesabu tangu mlimani. Jiwe gumu la Uluguru linapolika, sehemu mbili za hewa ukaa hutoka angani na kuwa bikaboneti. Zinafika baharini. Tumbawe linazigawa: moja inaingia kwenye gamba, moja inarudi. Mbili zilitoka, moja imerudi, moja imebaki kwenye jiwe. Hiyo ndiyo faida. Na kama mwamba uliolika mlimani ulikuwa wenyewe wa chokaa, basi hewa ilitoa moja na itarudishiwa moja, hakuna kilichobaki. Kwa hiyo matumbawe peke yake hayapoozi dunia, na mlima peke yake hauwezi kuhifadhi. Mizizi inayeyusha na gamba linagandisha. Ushirika huo, ukienda kwa mamilioni ya miaka, unafuta hewa ukaa inayotapikwa na volkano. Oldoinyo Lengai wetu yumo kwenye kundi hilo la watapikaji, tena kwa staili ya peke yake: ndiyo volkano pekee hai inayotoa lava ya kaboneti, ndugu wa magadi na chokaa, nyeusi ikitoka, nyeupe baada ya kupoa.

Bahari ina njia ya pili, ya haraka kuliko hiyo. Vijimea vya juu ya maji vinakula mwanga na hewa ukaa. Huliwa, hufa, huwa vinyesi, na sehemu yake huzama kama vumbi jeupe linaloshuka gizani usiku na mchana. Karibu yote huozeshwa njiani na bakteria. Kinachozikwa kwenye tope la chini hakifiki hata kimoja katika mia. Lakini kuoza kwenye kina cha kilomita tatu si sawa na kuoza Kariakoo. Maji ya huko chini hukaa mamia ya miaka, hata elfu, kabla hayajarudi juu kukutana na hewa. Ukaa haujazikwa, umewekwa rehani. Pampu hiyo isingekuwapo, anga la kabla ya viwanda lingekuwa na hewa ukaa zaidi kwa chembe 200 hivi, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya ilivyokuwa.

Kuna kisa kimoja nitakipitia haraka. Wanaolima mpunga wanajua gugu dogo linaloelea, la kijani linalogeuka wekundu, liitwalo azola. Miaka milioni 49 iliyopita, Bahari ya Aktiki ilikuwa na joto na imezungukwa na nchi kavu pande nyingi, maji baridi ya mito yakiwa yametanda juu ya maji chumvi. Azola ikatanda humo. Mwaka 2004 wachimbaji wa chini ya bahari walipotoboa karibu na Ncha ya Kaskazini, walikuta tabaka lililojaa mabaki yake, la takriban miaka 800,000. Iliteremsha hewa ukaa kiasi gani bado ni ubishi, na mimi nashuku wanaoipa azola sifa zote za kupoza dunia. Ila kugundua gugu la mpunga kwenye ncha ya dunia kunatosha kumnyima mtu usingizi.

Kisa kikubwa zaidi kiko karibu nasi, kusini, barabara ya Lindi.

Miaka milioni 34 hivi iliyopita, dunia iliyokuwa na joto na isiyo na barafu ya maana iligeuka ghafla, ghafla kwa lugha ya wanajiolojia, na Antaktika ikavaa barafu. Watu walidhani hewa ukaa ndiyo iliyoshuka. Lakini unaipimaje hewa ya siku hizo? Viputo vya hewa vilivyonaswa kwenye barafu haviendi nyuma kiasi hicho. Jibu lilipatikana kwenye udongo wa mfinyanzi kati ya Kilwa na Lindi. Wakati ule eneo hilo lilikuwa chini ya bahari yenye kina, na tope likishuka taratibu pamoja na magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja, wengi wao wadogo kuliko punje ya chumvi ya mezani. Kwingi duniani magamba ya umri huo yamekwisha kuharibika na kugeuka kama chaki. Ya Kilwa yamehifadhiwa na mfinyanzi usiopitisha maji, mpaka leo yanang'aa kama kioo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wakiongozwa na Paul Pearson, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cardiff, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, walitoboa visima vifupi huko na kutoa nguzo za udongo. Joyce Singano wa TPDC ni miongoni mwa Watanzania ambao majina yao yamo kwenye kazi hizo. Siri ilikuwa kwenye elementi ya boroni. Gamba linapojengwa hunasa boroni kidogo, na uwiano wa aina zake mbili hubadilika kufuatana na ukali wa tindikali ya maji. Hewa ukaa ikiwa nyingi angani, maji ya juu ya bahari huwa na tindikali zaidi. Kwa hiyo gamba dogo la Kilwa ni kipimo cha anga la siku lilipoumbwa. Mwaka 2009 matokeo yalitoka katika jarida la Nature: hewa ukaa ilikuwa ikishuka, na barafu ya Antaktika ilishika ilipokaribia chembe 750. Kiwango hicho kilikuwa kimekwisha kutabiriwa na hesabu za kompyuta. Tope la Kilwa likakubali.

Nani aliishusha? Milima mipya iliyokuwa ikinyanyuka na kulika ina sehemu yake. Daiatomu, vijimea vya baharini vyenye nyumba za kioo, walikuwa wakiongezeka. Wapo wanaoamini kwamba hata nyasi zilitia mkono: ukikatwa na jani la nyasi ujue ni silika, kioo kile kile, na nyasi zilipoenea zikaliwa na kuoza, silika nyingi zaidi iliyo rahisi kuyeyuka ikafika mitoni na kuwalisha daiatomu. Sijui kama naweza kulisimamia hilo mahakamani, lakini nalipenda.

Hewa ukaa ikaendelea kushuka, ikagonga sakafu. Sakafu hiyo nadhani iliwekwa na mimea yenyewe. Ikifika chembe 180 hivi, mimea mingi inaona njaa. Mpunga, muhogo na maharage ni wa kundi hilo. Mmea wenye njaa una mizizi dhaifu, mizizi dhaifu haili mwamba, na mwamba usiolika hauondoi hewa ukaa. Kinu kinapunguza mwendo. Mahindi, mtama na muwa ni wa kundi jingine, lenye mtambo wa ziada wa kukusanya hewa ukaa, na jamaa zao wa nyasi walitanda sana Afrika katika miaka milioni 8 iliyopita. Kwenye matope ya maziwa ya Mlima Kenya, mabaki ya nta za majani yanaonyesha kwamba wakati wa enzi ya barafu iliyopita nyasi za kundi hilo zilikwea mlima na kuchukua nafasi ya miti. Baridi na ukame vilichangia, lakini uhaba wa hewa ukaa wenyewe uliinyima miti chakula.

Hapo ndipo kitendawili cha enzi za barafu kinapobana. Viputo vilivyonaswa kwenye barafu ya Antaktika vimetupa historia ya miaka 800,000: kipindi cha baridi chembe 180 hivi, kipindi cha joto 280, kwenda na kurudi kama maji kujaa na kupwa. Miaka 20,000 iliyopita, baridi ilipofika kilele, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka bara hadi Unguja. (Pemba hapana, mkondo wake una kina.) Misitu ilikuwa imepungua, barafu imefunika nchi za kaskazini. Kwa mantiki ya "miti inavuta", hewa ukaa ingepaswa kuwa nyingi zaidi angani. Ilikuwa kidogo. Maana yake bahari ilimeza upungufu wa anga na, juu ya huo, mamia ya bilioni za tani zilizotoka kwenye misitu iliyokufa.

Ilimezaje? Maji ya baridi huyeyusha hewa zaidi, kama soda ya kwenye friji inavyobaki na gesi. Hilo linaeleza kipande tu. John Martin, mwanasayansi wa bahari wa California, alikuja na jibu lililowachekesha wenzake kwanza: chuma. Bahari ya Kusini ina mbolea tele ambayo vijimea havimalizi kuitumia kwa kukosa chembe kidogo za chuma. Enzi za barafu zilikuwa kavu na zenye upepo, na kwenye barafu ya Antaktika vumbi la vipindi hivyo ni jingi mno. Vumbi lina chuma. Mwaka 1988 alisema kwa utani kwamba apewe nusu meli ya chuma naye atawapa enzi ya barafu. Alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla wenzake hawajamwaga chuma baharini karibu na visiwa vya Galápagos na kuona vijimea vikichipuka kweli. Leo chuma kinapewa sifa ya sehemu ya zile chembe 100 zilizopotea, si zote. Nyingine zinatokana na bahari yenyewe kupunguza kuchanganyika, maji ya chini yakakaa chini muda mrefu zaidi na rehani yake.

Enzi ya barafu ilipokwisha, hewa ukaa ilipanda kutoka 180 hadi karibu 270 kwa miaka elfu saba hivi. Ni wastani wa chembe moja na kidogo kwa karne. Siku hizi inapanda zaidi ya mbili kwa mwaka, na imeshapita 420. Mimea na bahari bado vinafanya kazi: kwa pamoja vinapokea zaidi ya nusu ya tunachotoa. Vinachokosa ni kasi ya kuzika. Miaka milioni 56 iliyopita joto la dunia liliongezeka ghafla kwa nyuzi tano hivi baada ya kaboni nyingi kumwagika hewani, na ule ushirika wa mlima na gamba uliisafisha yote. Ulichukua zaidi ya miaka 100,000.

Fundi alinisikiliza yote hayo akiwa ameegemea koleo. Swali lake lilikuwa la kifundi: na saruji? Nikamwambia saruji huanza kwa kuchoma jiwe la chokaa kama hilo, na lile povu la ndimu hutoka kwenye bomba la tanuri. Viwanda vya saruji duniani vinatoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yetu, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye moto. Inatoka kwenye jiwe.

"Na wazee waliochoma matumbawe wakapata chokaa?"

Wao pia. Ila chokaa ya wazee inapokauka ukutani hujirudishia hewa ukaa kutoka hewani, ndivyo inavyokuwa ngumu. Kuta za Husuni Kubwa pale Kilwa, zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zimeshika ndani ya chokaa yake hewa iliyokuwa ikivutwa na mafundi waliozipiga. Saruji nayo hujirudishia, milimita kwa milimita, sehemu tu ya ilichopoteza.

Fundi akaugusa ukuta kwa kiganja. "Kwa hiyo huu unahema."

"Polepole sana."

Akachukua kile kipande chenye kombe, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha kisichanganyike na kokoto, akarudi kwenye lipu.